Mikono ya Joki Katika Mita 2,400

Hapa Mbozi Mission farasi si mnyama wa kumwona kila siku. Jicho la kumpima mnyama tunalo, tena kali, ila limezoea maksai wa plau. Baba yangu mdogo akienda mnadani hanunui ng'ombe aliyesimama. Anataka atembezwe, kisha anainama kutazama matope: ukwato wa nyuma umekanyaga wapi? Ukifika kwenye alama ya ule wa mbele, au ukaipita kidogo, mgongo uko huru na nyonga haina maumivu. Ukiishia nyuma yake, anaondoka bila kuuliza bei.

Jicho hilohilo linafaa kabisa kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, kabla ya mbio za Derby ya Kenya. Farasi wanapozungushwa kabla ya kutandikwa, wengi hutazama manyoya yanayong'aa. Mimi natazama hatua ya nyuma. Mnyama mwenye hatua fupi akitembea, mara nyingi atakuwa na hatua fupi akipiga shoti, na mita 2,400 za Derby ni hatua nyingi mno za kupoteza kidogokidogo.

Derby ni ya farasi wa miaka mitatu, na wengi wao hawajawahi kukimbia umbali huo. Mbio kubwa inayotangulia, Guineas, ni ya mita 1,600. Watu humchukua mshindi wa Guineas wakamvika taji la Derby mapema, na naamini wanakosea. Aliyeshinda mita 1,600 huku kasi yake ikipungua mwishoni ameshaonyesha mpaka wake. Namtafuta aliyekuwa wa tatu au wa nne akizidi kusogea, joki wake akiwa bado hajainua kiboko. Ongeza hewa nyepesi ya Ngong, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: farasi aliyemaliza pumzi mapema hapo hana pa kuirudishia.

Uzito hautusaidii sana kuwatenganisha. Katika mbio nyingi za kawaida farasi bora hubebeshwa kilo zaidi ili wengine wamkaribie, na joki mwepesi huongezewa vipande vya risasi kwenye tandiko mpaka mizani ikubali. Kwenye Derby madume hubeba uzito sawa, majike hupunguziwa kidogo, basi. Kinachobaki ni mikono iliyoshika hatamu.

Chukua kona peke yake. Farasi anayezunguka kona ya nusu duara akiwa mita 1.5 nje ya mwenzake aliyebana uzio, anakimbia karibu mita 4.7 zaidi. Urefu wa farasi mmoja ni kama mita 2.4, kwa hiyo ametoa zawadi ya urefu wa farasi wawili, na hakuna aliyemsukuma. Akiwa nje mara mbili ya hapo, ni wanne. Mbio ngapi zimeamuliwa kwa chini ya hapo!

Halafu kuna kugawa pumzi. Mwaka 1973, kwenye Derby ya Kentucky, joki Ron Turcotte alimwacha farasi wake Secretariat aanze nyuma ya wote. Ukizigawa mita karibu 2,000 za mbio ile mara tano, sehemu ya kwanza ilimchukua sekunde 25.2, kisha 24, 23.8, 23.4, na ya mwisho 23. Kila kipande kilikuwa cha kasi kuliko kilichopita. Wiki chache baadaye, kwenye mbio za Belmont, za karibu mita 2,400, mpinzani wake Sham aliamua kwenda naye sambamba tangu mwanzo. Karibu nusu ya njia walikuwa pamoja. Secretariat alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, akiwa mbele kwa urefu wa farasi 31. Sham, aliyekuwa wa pili Kentucky, alimaliza wa mwisho kati ya watano. Alikuwa farasi hodari kwelikweli. Aliulizwa swali la mwisho kabla ya wakati wake, na inaniuma kila nikiitazama ile mbio.

Ndiyo maana kadi ya mbio za Ngong naisoma kuanzia safu ya majoki. Patrick Mungai, James Muhindi na Lesley Sercombe ni majina ambayo uwanja ule umeyazoea kwa miaka mingi, na uzoefu wa uwanja mmoja ni mtaji: joki anajua ardhi inalegea wapi mvua ikinyesha, na ni wapi uzio unaachia mwanya. Nauliza pia nani humpanda farasi huyo kwenye mazoezi ya alfajiri. Farasi anayemjua mtu wake hulegeza shingo, wala hapigani na lijamu, na pumzi ambayo angeimaliza kwa ubishi inabaki kifuani.

Zikibaki mita 600, acha kumtazama anayeongoza. Tazama viwiko. Joki ambaye viwiko vyake vimeshaanza kusukuma hana akiba. Yule aliyetulia nyuma yake, mgongo umelala, mikono haijasogea, farasi akivuta hatamu mwenyewe, huyo ndiye namwandika wa kwanza.