Kichwa Kizito katika .375 H&H: Faida na Gharama Yake

Kampuni ya Holland & Holland ya London ilipotoa risasi ya .375 Magnum mwaka 1912, iliipa vichwa vya uzito wa aina tatu: greni 235, 270 na 300. Greni moja ni sawa na gramu 0.065, kwa hiyo kile kizito kilikuwa na gramu 19.4, nacho hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Hicho ndicho kilichozoeleka kwa nyati. Baadaye watengenezaji, Woodleigh wa Australia wakiwamo, walipanda hadi greni 350. Anayejaza risasi zake kwa mkono anaweza kukichagua hicho, ila nyongeza ya greni 50 ina gharama yake.

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa uzito na upana: uzito wa kichwa kwa pauni hugawanywa kwa mraba wa kipenyo chake kwa inchi. Kichwa cha greni 300 katika .375 hupata 0.305. Kile cha greni 286 katika 9.3x62, risasi iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 na kupendwa na walowezi wa Kijerumani barani Afrika, hupata 0.305 vilevile. Walter Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 kwa bunduki ndogo ya milimita 7, alitumia vichwa vigumu vya greni 173, ambavyo uwiano wake ni 0.306. Bunduki hizo tatu zilibuniwa na watu tofauti na upana wake haulingani, lakini zimekutana kwenye namba ileile. Si ajabu basi kwamba wengi huichukulia 0.3 kuwa kizingiti cha kupenya vya kutosha kwa mnyama mkubwa. Greni 350 hufikisha 0.356, juu sana ya kizingiti hicho, na swali la haki ni kama ziada hiyo ina kazi ya kufanya.

Hesabu ya nishati haisaidii sana kulijibu. Kichwa cha greni 270 kikienda mita 820 kwa sekunde hubeba jouli 5,900 hivi, cha 300 hubeba 5,800, na cha 350, ambacho kasi yake hushuka hadi mita 700 hivi, hubeba 5,560. Kwa kipimo hicho kizito ndicho dhaifu. Ukizidisha uzito kwa kasi, mpangilio hugeuka: 14.4, kisha 15, kisha 15.9. Tofauti ya hizo mbili za mwisho haifiki asilimia 7, na humrudia mpigaji begani kama teke.

Gharama kubwa zaidi imo ndani ya ganda. Urefu wa risasi nzima ya .375 H&H umewekewa kikomo cha milimita 91.4 ili iingie kwenye magazini. Kichwa kizito cha upana uleule hakina budi kuwa kirefu, na kwa kuwa hakiwezi kusogea mbele, kitako chake huzama ndani na kula nafasi ya baruti. Nafasi ikipungua na mzigo wa kusukumwa ukiongezeka, shinikizo hupanda kwa sababu mbili kwa pamoja, na kikomo chake Ulaya ni bar 4,300. Ndiyo maana kipimo cha baruti kilichofaa kwa greni 300 hakihamishwi kamwe kwenda kwa 350. Mjazaji huanza upya kutoka kiwango cha chini cha jedwali la kichwa hichohicho na kupanda kidogo kidogo, akitazama fataki iliyobonyea kupita kiasi au bolti inayogoma kufunguka. Dalili hizo huchelewa: zikionekana, kikomo kimekwisha kuvukwa. Baruti inayoungua polepole zaidi huhimili mzigo mzito vizuri, lakini huhitaji ujazo mkubwa, na ujazo ndio uliokwisha kupunguzwa. Hapo kasi hukosa mahali pa kutoka.

Urefu huleta pia suala la msokoto wa michirizi ya mtutu. Kanuni ya kukadiria aliyoiweka Mwingereza Greenhill mwaka 1879 huangalia urefu wa kichwa, si uzito wake. Mtutu wa kawaida wa .375, wenye mzunguko mmoja kila inchi 12, unatuliza kichwa chenye kiini cha madini ya risasi hadi milimita 44 hivi, na greni 350 hutoshea bila shida. Kichwa cha shaba tupu ni habari nyingine. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo uzito uleule hudai urefu zaidi, na kikomo chenyewe hushuka kuelekea milimita 40. Katika 9.3x62, ambayo mzunguko wake ni milimita 360, kikomo cha kichwa chenye kiini cha madini ya risasi ni milimita 36 tu. Wanaotumia shaba humo mara nyingi huteremka hadi greni 250, nao hawapotezi kitu cha maana.

Teke kubwa lina athari nyingine ndani ya magazini: risasi zinazosubiri hugongwa kila mara, na kichwa kisichobanwa vizuri mdomoni mwa ganda husukumwa ndani, shinikizo likapanda zaidi. Kubana mdomo kwenye mfuo wa kichwa si hiari hapa. Joto la nyika nalo huongeza kasi ya kuungua kwa baruti nyingi, kwa hiyo kipimo kilichofikishwa ukingoni wakati wa baridi hakifai mchana wa jua kali.

Uzito wote huo haufai kitu ikiwa kichwa kitavunjika. Kichwa cha greni 300 ambacho kiini chake kimeunganishwa imara na koti, kikabaki na sehemu kubwa ya uzito baada ya kugonga mfupa, hupenya zaidi ya cha greni 350 kinachosambaratika. Pia sehemu ya sifa ya kupenya ya vichwa vizito hutokana na mwendo wake wa pole: hufunguka kidogo, basi hukutana na ukinzani mdogo. Kwa nyati aliyejeruhiwa kichakani, anayepigwa kwa karibu kutoka pembe yoyote, hiyo ni faida ya kweli. Kwa nyati aliyesimama ubavu katika kundi ni hatari, kwani kichwa kinaweza kumpita na kumjeruhi aliye nyuma yake.

Kwa hiyo greni 350 hufaa kuwa risasi ya ziada ya kazi hiyo moja, na 300 ibaki ya kawaida. Kwa kuwa kwenye mita 100 kile kizito hushuka sentimita 2 hivi zaidi, zote mbili hupigwa kwanza kwenye shabaha kwa bunduki ileile, ili ijulikane kila moja inaangukia wapi kabla ya kuchanganywa mkandani.