Kileo cha Padri Gaucher: Mvinyo, Divai, au Nini?

Miongoni mwa filamu za kuchekesha zihusuzo watawa na vileo, ile ya Marcel Pagnol ya mwaka 1954, iliyotokana na Les Lettres de mon moulin ya Alphonse Daudet, inastahili kutazamwa na kila mfasiri. Kimoja cha visa vyake ni cha Gaucher, mtawa mnyonge wa abasia iliyofukarika huko Provence, kusini mwa Ufaransa. Gaucher, anayeigizwa na Rellys, anakumbuka kileo cha mitishamba cha bibi aliyemlea. Anakitengeneza upya, kinauzwa, abasia inatajirika. Balaa ni kwamba hana budi kukionja kila jioni, na kuonja kunageuka kuwa ulevi.

Sasa kileo hicho tukiiteje? Wapo watakaosema "mvinyo", neno tulilopewa na Wareno. Hatulikubali, kwani wasemaji wengi hulitumia kwa kila kinywaji cha chupa. "Divai", yenye asili ya Kifaransa, inatupotosha zaidi. Divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka, nayo ni halali kwa watawa: huitumia altareni, na kwetu Dodoma wamisionari wa Bihawana walijulikana kwa mizabibu yao. Mtawa aonjaye divai hamchekeshi mtu. Kileo cha Gaucher kimekenekwa, yaani kimegeuzwa mvuke kisha kikapozwa hata kikawa kikali, na mtambo huo ndio chimbuko la kicheko. Aandikaye "divai" amemfutia Gaucher dhambi yake, na kisa kimekwisha.

"Gongo" nalo halifai, ingawa tulipolitamka ofisini wenzetu walicheka kuliko walivyoicheka filamu. Gongo inanuka polisi; kileo cha Gaucher kina wateja wa heshima. Kifaransa kinasema élixir, neno litokalo katika Kiarabu, al-iksir. Tunapendekeza "iksiri". Linanusa dawa, na hiyo ndiyo hila ya watawa hawa. Nacho kitenzi "kukeneka" kisiachiwe vitabu vya kemia peke yake.

Suala la vyeo ni zito vilevile. Katika hadithi ya Daudet, mchunga ng'ombe huyu anaanza akiwa Bruda tu. Fedha zikiingia, anaitwa Mheshimiwa Padri. Mfasiri atakayeandika "mtawa" mwanzo hadi mwisho atakuwa ameifuta dhihaka hiyo kali bila ya kujua.

Filamu yenyewe ni ndefu, na wahusika wanasema mno. Si ajabu: Pagnol alianza kwa kuandika tamthilia, na mwaka 1946 alichaguliwa kuingia Académie française. (Wanaotuuliza filamu zinahusu nini chombo cha lugha, na waanzie hapo.)

Mwishoni Gaucher anataka kuacha, naye mkuu wake, akikumbuka hesabu za abasia, anakataa. Katika hadithi anaruhusiwa matone 20 tu, na watawa watamwombea kila jioni, saa ile ile anapokosa. Hapo "msamaha" halitoshi. Sala hiyo ina rehema kamili, istilahi ambayo Wakatoliki wetu wanayo tayari, na mfasiri hana sababu ya kubuni nyingine.