Maarifa Yaliyobaki Kwenye Fuawe

Agosti ya mwaka shufwa, vijiji vya Bungoma, magharibi mwa Kenya, husikika kabla ya kuonekana. Vijana wa Kibukusu wanaosubiri tohara wanagonga chinyimba, kengele za chuma, kwenye bangili za chuma walizovaa mikononi. Wengi tunaandika habari za nyimbo na sherehe. Fundi aliyeifua kengele hatumtaji.

Kazi yake ina hesabu kali. Kipande cha chuma kinalazwa kwenye makaa, mivukuto ikipuliza kupitia kewa ya udongo, mpaka rangi iwe ya chungwa. Hapo chuma kinatii nyundo. Kikififia kuwa chekundu cha giza, kirudi motoni, maana pigo moja la pupa huacha ufa. Springi kuukuu ya lori inafaa kisu kwa sababu ina kaboni nyingi, lakini ukiizamisha majini ikiwa bado nyekundu, inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika. Kwa kitu kitakachogongwa mchana kutwa, chuma laini ni salama zaidi. Unene nao ndio sauti: ukingo ukizidi unene, mlio unakuwa wa juu zaidi; ufa mdogo tu unaufanya ukwaruze. Kipimo cha mwisho ni sikio.

Linganisha na karakana ya J. W. Evans huko Birmingham, Uingereza, katika mtaa wa masonara. Ilianzishwa mwaka 1881, shirika la English Heritage likaichukua mwaka 2008 na kuifungulia wageni mwaka 2011. Pale fedha haikufuliwa ikiwa moto. Bamba lililopoa liliwekwa juu ya kalibu ya chuma cha pua iliyochongwa kinyume, nyundo nzito ikaangushwa kutoka juu, kisha bamba likapashwa moto kulainishwa kabla ya pigo jingine. Kinara cha mshumaa kilitoka vipande vipande, vikaungwa kwa lehemu. Ustadi ulikaa ndani ya kalibu, na kalibu hizo, maelfu kwa maelfu, bado ziko kwenye rafu zake.

Nasi huku Kenya, mjini Kitale, tuna makumbusho yenye umri mkubwa: Hugh Stoneham aliyaanzisha mwaka 1926, akafa mwaka 1966 akiacha mkusanyiko wake kwa taifa, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Uani zimejengwa nyumba za jadi za jamii za magharibi. Ni kazi nzuri, ila makumbusho ya namna hii hupenda kitu kilichokamilika, na kengele iliyokamilika haisemi ilikunjwa vipi. Birmingham inafundisha kwa sababu kazi nusunusu ziliachwa mezani.

Kwa hiyo msimu ujao ningewashauri wasimamizi wa Kitale wavuke hadi Bungoma, wamlipe mhunzi bei yake, wanunue kengele moja katika kila hatua: bapa, iliyopigwa kingo, iliyokunjwa, na ile iliyopasuka ambayo yeye angeitupa. Warekodi pia mlio wa nzima na wa mbovu. Na koleo lake wamwachie, bado analitumia.