Gari Chini, Kichwa Juu

Gari jipya la kifahari halihitaji msifu. Bei yake inatosha. Ninayetaka kumsifu ni fundi asiye na fedha aliyechukua gari lililochakaa, akalipunguza kimo kwa msumeno, akalitoa uani kwake likiwa na haiba ambayo kiwanda hakikuwahi kulipa. Mafundi wa namna hiyo wapo katika miji mingi duniani, lakini walioifanya kazi hii ikawa utamaduni kamili ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wa mashariki ya Los Angeles na miji mingine ya kusini-magharibi mwa Marekani.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi wa mitaa hiyo walirudi kutoka jeshini wakiwa na akiba kidogo na ujuzi wa mitambo. Magari mapya hawakuyaweza. Wakanunua Chevrolet kuukuu, za mwishoni mwa miaka ya 1930 na za miaka ya 1940, zenye mabega ya mviringo na boneti ndefu. Vijana wengine wa California wakati huo walikuwa wakiyapunguzia magari uzito na kuyaongezea nguvu ili washindane kwa kasi. Hawa wakachagua kinyume chake: gari likae chini, liende polepole, na kila aliyekaa barazani alione vizuri likipita. Barabara ya Whittier Boulevard ikawa uwanja wao wa maonyesho jioni za mwisho wa wiki. Kwangu mimi hilo lilikuwa chaguo la watu wanaojua hesabu. Kasi hudai injini kubwa, na injini kubwa hudai fedha. Kimo cha gari hudai jicho na mikono tu.

Njia ya kwanza ilikuwa mifuko ya mchanga au ya saruji iliyopakiwa kwenye buti. Nyuma palizama, na gari likapata mwinamo ule walioupenda. Lakini mzigo huo ulikuwa na adhabu zake: taa za mbele zilimulika juu, breki zilihemewa, na petroli ikaliwa bure. Aliyetaka gari lake likae chini bila kubeba mchanga ilimbidi aingie uvunguni akutane na springi.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Springi ya koili ikikatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu pia. Chukua springi yenye mikunjo 8 inayofanya kazi: ukiondoa mmoja, ugumu wake unaongezeka kwa takriban asilimia 14, maana uzito ule ule sasa unabebwa na chuma kifupi zaidi. Ugumu huo una faida yake mpaka kiwango fulani. Gari lililoshushwa lina nafasi ndogo ya kucheza kabla chuma hakijagonga chuma, na springi ngumu hulizuia lisifike huko. Tena, katika magari mengi ya zama hizo springi ya mbele haikuwa karibu na tairi. Ilikaa ndani zaidi, kwenye mkono wa chuma unaolishika gurudumu. Sentimita moja iliyopunguzwa kwenye springi iliweza kulishusha gari kwa kama sentimita mbili. Asiyelijua jambo hilo alikata mara moja, bampa likalala barabarani.

Fundi mwenye kuijua kazi yake hukata nusu mkunjo, akairudisha springi mahali pake, akaliteremsha gari kwenye jeki, akalisukumasukuma mpaka litulie, ndipo akapima kutoka ukingo wa bodi hadi katikati ya gurudumu, kulia na kushoto. Kisha akafungua tena. Ni tahadhari ya mshonaji nguo, maana kilichokatwa hakirudi. Na kila mara anapofungua huiheshimu springi iliyobanwa, kwa sababu ikifyatuka inaweza kuua.

Wapo waliofupisha njia kwa moto. Waliipasha springi kwa gesi ya kuchomelea huku gari limeikalia, mpaka chuma kikalainika na kuzama chenyewe. Njia hiyo ni ya haraka na haigharimu karibu chochote, nami siisifu hata kidogo. Chuma cha springi hupewa unyumbufu wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu. Moto wa kukisia unauharibu: upande mmoja unazama kuliko mwingine, na springi inaweza kuja kukatika gari likiwa barabarani. Umaskini haumlazimishi mtu kufanya kazi mbovu, na mafundi bora wa mitaa ile walilithibitisha hilo kwa msumeno.

Nyuma kulikuwa na ufumbuzi ninaoupenda zaidi. Chevrolet nyingi za miaka ile zilikuwa na springi za mabamba zilizofungwa chini ya ekseli. Ukiingiza kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, kisha ukafunga kwa yu-bolti ndefu zaidi, springi inasogea chini na bodi nzima inashuka nayo. Hakuna kilichokatwa, ugumu haujabadilika, na siku ya kuuza gari kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Gharama yake ni chuma chakavu na nati chache.

Mwaka 1958 sheria ya California ikapiga marufuku gari lililorekebishwa hata sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, ikawa chini ya ukingo wa chini wa rimu. Madereva wa magari yaliyoshushwa wakaanza kuandikiwa faini. Ron Aguirre, kijana mwenye Corvette aliyoiita X-Sonic, alizichoka faini hizo, na mwaka 1959 akalifungia gari lake pampu na silinda za haidroliki, vifaa vya ndege vilivyouzwa kwa bei ya mabaki baada ya vita. Kwa swichi tu gari lilipanda hadi kimo cha kisheria, na polisi akishapita likashuka tena. Baadaye Chevrolet Impala, yenye springi za koili kwenye magurudumu yote manne, ikawa kipenzi cha mafundi wa haidroliki.

Klabu kama Duke's, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1962, zikaurithisha ufundi huu kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Leo jumba la makumbusho la Smithsonian linalo gari moja la aina hiyo, Ford LTD ya mwaka 1969 iitwayo Dave's Dream, kutoka kijiji cha Chimayó huko New Mexico. Na marufuku ile ya California ilifutwa kwa sheria iliyosainiwa Oktoba 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Ilichelewa mno.

Nawe msomaji, ukitamani kulishusha gari lako na mfuko wako ni mwepesi, anza na nusu mkunjo na usiguse moto. Hakikisha springi haichomoki kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia, na kwamba shokapu haifiki mwisho wake gari linapozama. Yafikirie na matuta ya barabara unayopita kila siku. Fedha utakayokuwa umeiokoa, tumia sehemu yake kupima alaimenti siku hiyo hiyo, la sivyo matairi yatalika upande mmoja na utalipa zaidi ya ulichookoa.