Tusikie kwanza ao tuone kwanza?

Kuna ulizo moja linalorudi kila mara orkestra ya Kinshasa ao ya Lubumbashi inapotangazwa kuja kupiga hapa Likasi. Vijana wa parokia, hata mafrateri wakiwa katika likizo, wanaulizana hivi: mtu anayetaka kwenda kusikiliza orkestra, je, yafaa atafute kwanza nyimbo zao zote na kuzisikiliza mpaka azijue, ao aende na masikio matupu, kama mgeni anayeonja chakula cha nyumba asiyoijua? Wengine watasema hili ni ulizo la mchezo, halistahili kurasa zinazosomwa na mapadri na wakatekista. Mimi nasema lastahili. Masikio ya mtu ni yaleyale, akiwa uwanjani mbele ya orkestra ao kanisani mbele ya korali. Akiyafundisha vibaya fasi moja, atakwenda nayo vibaya fasi ya pili.

Wazee wetu wengi wanajibu upesi: nenda tu, utasikia hukohuko. Kwao ngoma haikusomwa mbele ya kuchezwa. Vijana nao wanajibu kinyume. Siku hizi kijana anabeba mfukoni, ndani ya telefone, kazi yote ya mwimbaji toka wimbo wa kwanza mpaka wa juzi. Naye anaona haya kwenda kusimama kati ya wenzake wanaoimba maneno yote, yeye peke yake akifunga kinywa.

Katika seminari kubwa tulifundishwa kwamba nil volitum nisi praecognitum: hakuna kitu kinachotakwa kisipojulikana kwanza. Kwa neno hili wazee wameshindwa nusu. Hakuna anayetembea kutoka Panda ao Kikula mpaka uwanjani juu ya watu asiowajua kabisa. Lazima alisikia kitu, kwa redio, kwa jirani, katika baa iliyo karibu na nyumba yake. Basi ulizo lenyewe si kama tujue ao tusijue. Ulizo ni: tujue nini? Na hapo ndipo vijana nao wanapotea, nami nataka kukawia kidogo, maana mji wetu wenyewe una habari inayotupa mwanga.

Mwaka wa 1952, wakati Likasi ilipokuwa ikiitwa Jadotville, alipita hapa Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika akishika nyimbo kwa mashine yake. Akamkuta kijana wa Bunkeya, mtu wa ukoo wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka wa 1930, anapiga gitare. Huyo ndiye Mwenda Jean-Bosco. Tracey alimshika katika mashine, na wimbo « Masanga » ukatoka katika diski, ukaenda mbali kupita mwenye kuupiga. Watu wa Nairobi, wa Rodezia ya wakati ule, wa Afrika ya Kusini, kiisha wa Ulaya, walimjua Mwenda kwa masikio miaka mingi mbele ya kumjua kwa macho, na wengi wao hawakumwona hata siku moja. Wachache waliopata bahati walimwona Nairobi, ao kule Newport, Marekani, katika sikukuu kubwa ya nyimbo ya mwaka wa 1969.

Sasa, diski iliwapa nini watu hawa? Iliwapa mengi, tusiwe watu wasio na shukrani. Iliwapa sauti ya juu na sauti ya chini zinazotembea pamoja, kila moja na njia yake, bila kukanyagana. Lakini diski ya zamani, ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilikuwa na fasi ya dakika tatu tu, zaidi kidogo, kwa upande mmoja. Wimbo uliopigwa barabarani ama nyumbani haukuwa na saa. Ulikwisha wakati watu waliposhiba, ao mpigaji alipochoka. Mbele ya mashine Mwenda alilazimika kuanza, kusema yake na kumaliza kama mtu anayeandika telegramu. Aliyesikia diski peke yake alisikia telegramu. Naye alidhani ndiyo barua nzima.

Tena diski haina mikono. Anayesikiliza « Masanga » bila kuona anaweza kuapa kwamba watu wawili wanapiga magitare mawili. Anayeona, anaona kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kuume, basi. Vidole viwili! Hii ndiyo namna ya Katanga, na wapigaji wa nchi nyingine walihangaika sana kuijua kwa sikio tupu. Siwezi kusema ni hasara ndogo. Kuna furaha moja mtu anayoipata anapoona kazi kubwa ikifanywa kwa vyombo kidogo, na furaha ile diski haiwezi kuitoa.

Mtu atanijibu: lakini bila diski tungejua nini juu ya Mwenda? Ni kweli. Mwalimu David Rycroft aliandika noti za upigaji wake katika gazeti African Music, mwaka wa 1961 na 1962, naye alifanya kazi ile kwa kusikiliza diski. Lakini tazameni alivyoyapa maandiko yake jina: aliita upigaji ule « maongezo ya papo hapo », yaani mambo mpigaji anayoyatunga vidole vikiwa tayari juu ya nyuzi. Mwanachuoni aliyechunguza kila noti ya diski alifika kutambua kwamba mwenye wimbo hakufungwa na diski. Baadaye, mwaka wa 1979, John Low, Mwingereza aliyejipatia mapenzi ya gitare letu kwa diski zilezile, alifunga safari mpaka huku, Shaba ya wakati ule, akaonana na wapigaji wenyewe na kuketi nao, kiisha akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1982. Huyu alisikia kwanza, akaona nyuma. Naye hakuja kuhakikisha kama Mwenda anakumbuka diski yake vizuri. Alikuja kujifunza yale diski isiyoweza kusema.

Vijana wengi wanakwenda kwa moyo wa namna nyingine, na hapa ndipo shitaka langu lilipo. Katika arusi moja hapa mjini nilisikia mzee mmoja akipiga wimbo wa zamani na gitare kavu, mwenzake akigonga chupa kwa kijiti. Katikati aliurefusha, akaingiza jina la bwana arusi, akarudi nyuma, akabadili mwendo wa sauti za chini. Kijana aliyesimama karibu nami akatoa telefone, akauweka wimbo uleule sikioni, na kumwambia mwenzake: « Mzee amesahau, ameukosea. » Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa akitunga, na kijana aliyekuwa na bahati ya kuona kitu kikizaliwa mbele ya macho yake alitumia bahati ile kwa kusahihisha. Mzee alisikia neno lile. Wimbo uliofuata aliupiga kama ulivyo katika telefone, tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi.

Hiyo ndiyo hatari, na si hatari ya msikilizaji peke yake. Wasikilizaji wakija na diski kichwani kama hakimu na kitabu cha sheria, wanamtia mpigaji katika woga, na mpigaji mwenye woga anakuwa mashine ya kurudia. Wanafalsafa wanasema quidquid recipitur ad modum recipientis recipitur, kila kinachopokelewa kinapokelewa kwa kipimo cha chombo kinachopokea. Ukileta chombo kilichojaa, utarudi nacho vilevile kilivyokuja, na mpigaji ataona mbele yako kwamba hakuna fasi ya kumimina.

Tuje sasa kwa orkestra. Wanaojua diski ndogo za zamani za rumba, zile za mara 45, wanakumbuka kwamba wimbo ulikatwa mara nyingi vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili ngoma yenyewe, magitare yakijibizana. Mkato ule ulifanywa juu ya udogo wa diski tu, lakini unatufaa leo kama kipimo. Wimbo wa orkestra ya Kongo una sehemu ya maneno, inayokwenda polepole, na una sebene, ambamo gitare la solo linachukua uongozi na watu wanacheza. Na tangu miaka ya 1980, kwa mfano wa Zaiko Langa Langa, kuna atalaku anayepiga kelele za kuamsha wachezaji. Katika diski sebene imepimwa. Jukwaani haina kipimo: mkubwa wa orkestra anawatazama watu, anatoa ishara, inaendelea, anatoa nyingine, inavunjika. Kwa hiyo sebene ya jana ya Lubumbashi na ya leo ya Likasi si moja, hata kama jina la wimbo ni moja. UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo mwaka wa 2021 katika urithi wa wanadamu, haikuandika sanduku la diski. Iliandika desturi ya watu wanaokutana, wanaopiga na wanaocheza.

Maneno ni jambo lingine. Sisi watu wa Katanga tunasema Kiswahili, na nyimbo nyingi za orkestra ni za Lingala. Wengi wetu tunasikia Lingala ya sokoni ao ya askari, hatufiki kwenye methali na mafumbo ya mtunzi. Tena katika uwanja, spika zikifunguliwa kama zinavyofunguliwa kwetu, maneno yanazama. Huwezi kusikia kama mwimbaji analia juu ya mke aliyemwacha ao juu ya ndugu aliyekufa. Nimeona watu wakirukaruka kwa furaha wakati wa wimbo wa msiba. Basi maneno ndiyo yanayostahili kujifunzwa mbele. Tafuta nyimbo tatu ama ine, keti na mtu anayejua Lingala sana, uliza neno kwa neno. Ujue ni nani anayesemwa, ni shida gani. Sebene iache, usiisikilize mpaka uichoke. Iache ikukute mzima uwanjani. (Na yale majina ya matajiri yanayotupwa kati ya wimbo kwa malipo, mabanga, hayana haja ya kujifunzwa mbele wala nyuma.)

Kama mtu anadhani ninatenganisha maneno na muziki kwa kupenda tu, atazame jambo la Kamina. Tarehe 23 Marchi 1958, katika misioni ya Kamina, iliimbwa mara ya kwanza Missa Luba, ile iliyotayarishwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na watoto na walimu wa korali yake. Waliokuwa kanisani walijua nini? Walijua Kyrie, Gloria na Sanctus neno kwa neno. Waliyaimba kwa Kilatini tangu ubatizo wao. Hawakujua yatakavyokuja. Yakaja kwa mwendo wa kasala, wimbo wa Waluba wa kusifu na kulilia, na kwa ngoma za nchi. Kwa kuwa maneno yalikuwa tayari moyoni, muziki ulipata mlango wazi, na kwa kuwa muziki ulikuwa mpya, maneno ya zamani yalisikiwa tena. Sijui msikilizaji aliyetayarishwa vizuri kupita wale.

Baadaye mambo yalibadilika. Misa ile ilitiwa katika diski, ikazunguka dunia, kipande cha Sanctus kikaingia hata katika filamu ya Waingereza ya mwaka wa 1968, na noti zikaandikwa ili makorali ya mbali yaiimbe. Lakini waimbaji wa Kamina walikubaliana juu ya mashina tu. Matawi waliyaotesha wakiwa wanaimba. Leo korali inayotaka kuimba Missa Luba inaiga mpaka pumzi ya mwimbaji wa mwaka wa 1958, pale alipokawia, pale alipopandisha sauti. Mwenye kukawia alikawia kwa sababu yake siku ile. Mabwana wakubwa wa korali, ninyi mnaowafundisha vijana kwa telefone iliyowekwa juu ya meza ya sakristia, jambo hili linawahusu kupita wapenzi wa orkestra.

Juu ya pesa sitasema mengi. Tikiti ina bei, na baba wa watoto sita ana haki ya kujua ananunua nini. Wimbo mmoja ao mbili zatosha kumwonyesha kama atapenda.

Linabaki jambo la Mwenda mwenyewe. Alirudi studio mwaka wa 1988 katika Afrika ya Kusini, akapiga tena nyimbo zake za zamani kama mtu wa miaka hamsini na nane. Anayesikiliza hizo pamoja na zile za kwanza atasikia jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na namna mbili za wimbo wake, zote za kweli. Mwaka wa 1990 alikufa katika ajali ya gari kule Zambia. Kwa ajili yake ulizo letu limekwisha kujibiwa na kifo: kijana wa Likasi leo anaweza kumsikia tu, kumwona hawezi. Lakini waliokuwa vijana wa miaka ishirini mwaka wa 1970 leo wamepita sabini, na kati yao, katika parokia zetu, wamo waliosimama mbele yake. Mkatekista anayewatembelea wagonjwa wa mtaa wake anaweza kuwauliza. Asiwaulize Mwenda aliimba nini, maana hilo tunalo katika diski. Awaulize alifanya nini wakati dakika tatu zilipokwisha na watu hawakutaka kwenda nyumbani.