Umbali na Shabaha

Katika riadha ya shule zetu viko vitu vitatu vitupwavyo kwa mkono ambavyo kila mwanafunzi huvijua: tufe, kisahani na mkuki. Vyote vitatu huhukumiwa kwa swali moja: kimefika wapi? Swali la pili, yaani kilikusudiwa kufika wapi, haliulizwi. Insha hii yataka kulipima swali hilo lililoachwa, na kuona kama kutupa kwa shabaha kwaweza kuwa shindano kamili, lenye sheria, mwamuzi na mshindi asiyebishiwa. Naona kwamba kwaweza, lakini kwa masharti.

Tuanze na mkuki, maana historia yake ni ndefu. Katika sikukuu kuu ya mji wa Athens, zamani za Wayunani, wapanda farasi walishindana kuitupia mikuki ngao iliyowekwa iwe shabaha, huku farasi wakienda mbio. Picha za shindano hilo zimesalia hata leo juu ya mitungi waliyotuzwa washindi. Tena, katika miaka ya 1870, mchezo huo ulipofufuliwa Ujerumani na Uswidi, watu walitupa kwa kulenga shabaha. Hata hivyo, mkuki ulipoingia katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kilichotuzwa kilikuwa umbali. Sababu si ngumu kuikisia: umbali hupimwa kwa utepe, na utepe haubishani na mtu.

Lakini umbali nao una gharama yake. Mwaka 1984, mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliutupa mkuki mita 104.80. Kiwanja kikaonekana kuwa kidogo, na watu wa upande wa pili wakawa hatarini. Mwaka 1986 mkuki wa wanaume ukabadilishwa: uzito wake ulisogezwa mbele, ili ncha iiname mapema na mkuki uanguke karibu zaidi. Litafakari jambo hilo. Shindano lililomtaka mtu atupe mbali lilibidi kukipunguzia nguvu chombo chake lenyewe, kwa kuwa watu walitupa mbali mno. Shindano la shabaha haliwezi kupatwa na msiba huo, maana ndani yake aliye hodari zaidi ndiye aliye salama zaidi kwa watazamaji.

Sisemi haya kwa kuwadharau watupaji wa umbali. Julius Yego, mwana wa nchi ya Nandi, alitupa mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya dunia katika michezo ya kutupa na kuruka. Hata mkuki wake ulipaswa kuanguka kati ya mistari miwili, la sivyo usingehesabiwa. Basi shabaha imo tayari katika mchezo huo, ila imewekwa mlangoni kama bawabu, haikupewa kiti cha hakimu.

Shuka sasa kutoka milima ya Nandi hadi uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, penye mashamba ya mpunga ya Ahero yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mpunga ukianza kukomaa, ndege huja. Mwanzoni mwa mwaka 2023 makundi makubwa ya kwelea yaliyavamia mashamba ya Kisumu. Walinzi wa mpunga hupiga kelele, hupiga madebe, tena hutupa madonge ya udongo kwa mkono au kwa kombeo. Hapo kutupa mbali tu hakufai kitu. Donge lazima lifike walipo ndege, na kwa wakati wake. Likichelewa, punje zimekwisha kuliwa. Kazi yenyewe siisifu, kwa kuwa mtoto ashindaye shambani akiinga ndege hukosa masomo yake. Lakini ustadi wa mkono ule ni ustadi wa kweli, na katika michezo ya shule hauna mahali po pote pa kuonekana.

Wako watakaopinga, na hoja zao zastahili kujibiwa. Wa kwanza atasema kwamba shabaha ni bahati. Tupo moja laweza kuwa bahati. Matupo kumi hayawezi. Wa pili atasema kwamba mwenye nguvu atashinda vile vile. Basi mpira uwe mwepesi, wa uzito mmoja kwa wote, na shabaha isiwe mbali kuliko mita 20. Kumbuka kwamba duara likiwekwa mbali mara mbili huonekana lina robo tu ya eneo lake; ugumu utapatikana bila kuhitaji misuli. Wa tatu atataja upepo, naye ana haki, kwa kuwa alasiri upepo wa ziwani huvuma kuelekea mjini Kisumu. Dawa ni kutupa kwa zamu, kila mtu tupo moja, ili upepo ule ule uwajaribu wote. Wakilingana, shabaha isogezwe nyuma, kama ufito unavyopandishwa katika kuruka juu.

Wa nne atasema kwamba huo si mchezo. Huyo na aulizwe juu ya mpira wa pete na mpira wa kikapu, ambamo kazi yote ya timu huishia katika kulenga tundu lililo juu mita 3.05. Tena bocha, mchezo wa kutupa mipira karibu na mpira mweupe, umo katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu tangu mwaka 1984, na huchezwa na watu ambao viungo vyao vina udhaifu mkubwa.

Sharti moja halina mjadala: nyuma ya shabaha pawe na ukuta wa udongo, na kombeo lisiruhusiwe shuleni, maana likiachiwa vibaya jiwe laweza kwenda upande wo wote.

Liko jambo zaidi ya mchezo. Mjini Kisumu jiwe mkononi mwa kijana limewakumbusha watu siku za ghasia. Sidai kwamba shindano litaziondoa ghasia, ambazo zina sababu zake nzito. Nasema tu kwamba atupaye jiwe gizani hajui litampata nani, na kijana aliyezoea kuulizwa alikusudia kupiga wapi amejifunza kujibu kwa ajili ya mkono wake. Kwa somo hilo, mita 30 za kiwanja na ukuta wa udongo si gharama kubwa. Shule moja ya pwani ya ziwa na ijaribu.