Pamba, Kodi na Kiswahili cha Aliyelazimishwa: Kuisoma Kinjeketile Kampala

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, ni kitabu ambacho mwalimu wa Kiswahili hawezi kukikwepa. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya maji, imani, umoja wa makabila na uongozi. Hatuna nia ya kuyarudia hayo. Tunalotaka kulipima hapa ni jambo moja: tamthilia hii yatufunza nini juu ya serikali inayouendesha uchumi kwa nguvu, na juu ya fujo zinazozaliwa na nguvu hiyo? Tena, mwanafunzi wa Kampala aifundishwe vipi, ilhali katika nchi yake Kiswahili kilisikika mara nyingi kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki?

Tuanze na maudhui. Wengi wetu tukiitaja Kinjeketile hukimbilia mtoni. Lakini tamthilia haianzi kwa maji; inaanza kwa njaa. Wanawake wanazungumza juu ya upungufu wa chakula, huku waume zao wakishurutishwa kulima shamba la Bwana Kinoo chini ya kiboko cha mnyapara. Hapa mwandishi amefaulu sana. Hakuwapa wahusika wake hotuba juu ya ubeberu. Ametuonyesha hesabu ya nyumbani. Siku anayoilima mtu katika shamba la mwingine ni siku ambayo shamba lake halilimwi. Kwanza nyumba hukosa chakula, kisha hukosa heshima, mwishowe hukosa subira. Maji yanakuja baadaye, nayo yanawakuta watu ambao subira yao imekwisha kukauka.

Hesabu hiyo si ya kubuni. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na tangu mwaka 1902 ikaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, ambako raia walilazimishwa kufanya kazi chini ya maakida na majumbe kwa malipo yasiyo na maana. Mwezi wa Julai mwaka 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waliamka. Yafaa tuangalie walifanya nini kwanza: waling'oa pamba. Kabla ya vita kulikuwa na miche iliyong'olewa, na tendo hilo lilikuwa kauli. Kinjikitile Ngwale, mtu wa historia, alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha kadirio hilo hadi karibu 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa moto.

Sasa tuiseme dosari. Mwandishi alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikra, wala si picha kamili ya mtu wa historia. Kwa hiyo hatumdai maelezo ya mwanahistoria. Hata hivyo, dhuluma katika tamthilia imevikwa zaidi sura ya shamba la mtu mmoja na kiboko chake. Lile baraza ambamo amri ilitungwa, ile daftari ambamo kodi iliandikwa, yule jumbe aliyesimama katikati ya serikali na watu wake, hawa hawakupewa nafasi inayowastahili. Jukwaani dosari hii ni ndogo, kwa kuwa kiboko huonekana na daftari haionekani. Darasani ni kubwa. Mwanafunzi aweza kufunga kitabu akiamini kwamba pasipo kiboko hapana kulazimishwa.

Historia ya Uganda yamkanusha. Pamba ilianza kuenezwa hapa miaka ya 1903 na 1904, nayo ililimwa zaidi na wakulima katika viwanja vyao wenyewe. Bwana Kinoo hakuwapo. Palikuwapo mizani, kiwanda cha kuchambua pamba, bei iliyopangwa mbali na mkulima, na kodi iliyomngoja hata kama bei imeanguka. Mwaka 1945, na tena mwezi wa Aprili mwaka 1949, Buganda iliwaka. Miongoni mwa madai ya mwaka 1949 yalikuwamo haya: wakulima waruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na wananchi wawachague machifu wao. Dai la kwanza ni la mfuko, la pili ni la kauli. Nayo yalitolewa pamoja, kwa sababu waliodai walijua kwamba bei mbaya haiwezi kurekebishwa na mtu asiyesikilizwa. Mwezi wa Januari mwaka 1960 ikawa zamu ya Bukedi na Bugisu, ambako ukadiriaji wa kodi uliofanywa na machifu ulizua ghasia na vifo. Chifu huyo mkadiria kodi ndiye hasa mhusika ambaye Kinjeketile haikumpa nafasi ya kutosha.

Hapa tunafika penye kiini cha makala yetu, nalo ni suala la lugha. Mwalimu wa Kiswahili wa Uganda huingia darasani na mzigo ambao mwenzake wa Tanga au wa Mombasa hana. Katika nchi hii lugha yetu ilipata sifa ya kuwa lugha ya amri. Mwaka 1972 Idi Amin alitangaza vita vya uchumi, akawafukuza Waasia, na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na wapendwa wa serikali. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Mwaka 1973 Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali hiyohiyo, na mwaka 1975 ikawekwa mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, iliyoweza kumhukumu mlanguzi kifo. Amri haikuleta sukari. Ilipandisha bei yake.

Tuyatazame maneno ya Kiswahili ambayo hata Mganda asiyejua lugha hii aliyajua katika miaka hiyo. Magendo: biashara ya kificho iliyozaliwa na uhaba. Mafutamingi: tajiri wa ghafla aliyenenepa kwa duka la bure. Sarufi yetu ingetaka mafuta yawe mengi, lakini mwananchi aliyepanga foleni tangu alfajiri hakuwa na haja ya upatanisho wa ngeli. Alihitaji jina la mtu aliyemwona, akalipata. Panda gari: amri ya askari katika misako ya miaka ya 1980, iliyogeuka kuwa jina la misako yenyewe. Kamusi hii fupi ni historia ya uchumi wa mabavu. Basi tusishangae mzazi wa Kampala akikunja uso anaposikia mwanawe anajifunza Kiswahili. Wala tusidhani kwamba Katiba, iliyokitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, itamkunjua uso huo peke yake. Alichokataa mzazi huyo si msamiati, ni sauti ya mwenye bunduki.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo thamani kubwa ya Kinjeketile nchini Uganda. Tamthilia hii inampa mwanafunzi Kiswahili kutoka upande wa pili: Kiswahili cha mwanamke asiye na cha kupika, Kiswahili cha mkulima aliyepigwa, Kiswahili cha watu wanaokutana kwa siri kwa kuwa hadharani hawaruhusiwi kunena. Na hapo ndipo penye fundisho juu ya fujo. Bwana Kinoo na mnyapara wake waliona migongo iliyoinama wakadhani wameona ridhaa. Aliyenyimwa kusema barazani husema msituni, na serikali isiyosikia manung'uniko huja kusikia kishindo.

Fundisho hilo halijachakaa. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetumia mitandao ya kijamii, pamoja na asilimia moja ya fedha zinazotumwa kwa simu. Rais Museveni alikuwa amelalamikia lugambo, yaani umbeya, katika mitandao hiyo. Kodi za kale zilitoza nyumba na kichwa; hii ilitoza mazungumzo. Tarehe 11 Julai waandamanaji, akiwamo mbunge Robert Kyagulanyi, walitawanywa Kampala kwa mabomu ya machozi. Ile kodi ya fedha za simu ikapunguzwa kuwa nusu asilimia, na kodi ya mitandao ikaondolewa mwaka 2021, mahali pake pakiwekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 wafanyabiashara wa katikati ya jiji walifunga maduka kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki, na serikali ikalazimika kukaa nao mezani. Miezi miwili baadaye Nairobi ilitoa mfano mchungu zaidi: mswada wa fedha uliondolewa, lakini ni baada ya Bunge kuvamiwa tarehe 25 Juni na vijana wengi kuuawa.

Hatusemi kwamba kila kodi ni kiboko. Mshahara wa mwalimu hutoka katika kodi, na nchi isiyotoza haijengi shule. Tunachosema ni kwamba duka lililofungwa ni kauli, kama ulivyokuwa mche wa pamba uliong'olewa Nandete. Serikali yenye hekima huisoma kauli hiyo ikiwa bado ni duka lililofungwa.

Limebaki jambo moja la uhakiki. Katika insha za wanafunzi tunasoma mara kwa mara kwamba watu wa Kinjeketile walishindwa kwa sababu ya pupa: kiongozi aliwataka wangoje, wao wakakimbilia vita. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Kungoja kuna gharama, na gharama hiyo haimlemei kila mtu sawasawa. Mwenye akiba huweza kungoja. Mwenye sufuria tupu hawezi. Mwanafunzi anayewalaumu watu hao kwa pupa na arudi kwenye maonyesho ya kwanza, awasikilize tena wale wanawake, ndipo atoe hukumu.

Basi tunawashauri walimu wenzetu, wanapoifundisha tamthilia hii, wawaulize wanafunzi maswali matatu: Nani alipanga kazi hii? Nani aliulizwa? Aliyekataa alisemea wapi? Maswali hayo hayamo katika vitabu vya mitihani. Wanafunzi wayajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wenzao, ili lugha iliyowaamrisha wazee wao wapande gari iwe lugha ambayo wao wataitumia kuuliza gari laenda wapi.